Mkulima Shambani kwa Rangi Zinazobeba Hisia: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila msimu naletewa picha ileile. Mwanamke ameinama na jembe, mtoto yuko mgongoni, nyuma kuna mlima, pembeni jua la rangi ya chungwa, chini majani ya kijani kama ya bendera. Mchoraji anasimama kando yangu na kuuliza: "Mwalimu, nimemwekea jasho, nimemwekea na chozi, mbona watu wanaipita tu?"

Ninaitazama. Mkono umekaa sawa. Mgongo umepinda inavyotakiwa. Kilichoiangusha ni rangi. Zote zimetoka kwenye tyubu zikaenda kwenye kanvasi bila kupita popote, na kila moja inagombania jicho la mtazamaji. Chozi limewekwa kuziba pengo lililoachwa na rangi.

Nimelieleza jambo hili kwenye karakana yetu hapa Dar es Salaam mpaka sauti ikakauka, na bado linarudi, kwa hiyo leo naliandika lote. Shina lake ni hili: hisia ya picha ya mkulima inatoka kwenye saa. Ukishaamua ni saa ngapi pale shambani, umeamua mwanga. Ukishaamua mwanga, udongo, ngozi na kanga vinajipanga nyuma yake. Anayeanza na uso huishia kwenye chozi.

Mwongozo huu ni wa picha moja ya sentimita 50 kwa 60, kwa akriliki, rangi ya tyubu inayochanganywa na maji. Tenga siku tatu. Anayetumia rangi za mafuta afuate hatua hizihizi, ila asitie maji kwenye rangi, na asubiri zaidi kati ya tabaka na tabaka na kabla ya vanishi.

## Vifaa, kabla hujaanza

Kanvasi au ubao. Kanvasi ya dukani ni nzuri. Amerikani nzito ya Kariakoo ikivutwa vizuri kwenye fremu ya seremala inafaa pia, na hadibodi vilevile. Kwa mazoezi, paka tabaka mbili za rangi nyeupe ya maji ya ukutani, kisha pitisha msasa mwembamba. Kama picha ni ya kuuza, nunua rangi ya msingi ya wachoraji, kwa sababu ile ya ukutani ikipakwa nzito inaweza kupasuka.

Rangi sita tu. Nyeupe ya titani (tyubu kubwa, ndiyo inayokwisha mapema), altramarini (buluu nzito), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), okra ya njano (njano ya udongo), nyekundu ya kadimiamu, na njano ya limau. Nyeusi haimo. Kijani hakimo. Nyeusi ya tyubu inaua kivuli, na kijani cha tyubu hakifanani na jani lolote nililowahi kuliona. Vyote viwili tutavichanganya wenyewe.

Brashi tatu. Bapa pana ya kupakia maeneo makubwa, bapa ya kati, na ya duara ndogo. Ile ndogo ifiche mpaka siku ya tatu.

Paleti ya kijivu. Kipande cha kioo chenye karatasi ya kijivu chini yake kinatosha. Kwenye sahani nyeupe kila rangi inaonekana nzito, yaani yenye giza, kuliko ilivyo, ndiyo maana picha nyingi hutoka zimepauka kuliko mchoraji alivyokusudia.

Chupa ya kupulizia maji, mkaa, karatasi, kanga kuukuu ya kufutia, na simu. Chupa ni ya lazima. Kwa joto letu akriliki inakauka kwenye paleti kabla hujamaliza kuwaza. Mkaa wa jikoni unachora vizuri ukichagua kipande laini.

## Hatua ya 1: Nenda shambani, urudi na sentensi moja

Safari moja tulikwenda Mkuranga, mimi na wanafunzi wanne. Tulimkuta bibi anapalilia muhogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni, majembe yapo."

Tukaomba ruhusa ya kukaa na kuchora, akacheka, akakubali. Baadaye mwanafunzi mmoja akamwonyesha mchoro aliokuja nao kutoka mjini: mwanamke analima, jua liko utosini, kivuli kimejikunja chini ya miguu. Bibi aliushika kwa ncha za vidole asiuchafue. Akautazama kwa muda.

"Huyu hana kwao?" akauliza. "Saa hiyo mimi niko chini ya mkorosho, nimekunja miguu, nangoja jua lipoe."

Sentensi hiyo imenifundisha kuhusu picha hizi kuliko darasa lolote. Mkulima wa jembe la mkono anaamka gizani ili amalize kazi nzito kabla jua halijakali. Ukimchora analima saa 7 mchana, aliyewahi kulima anajua kuwa hukuwahi kufika, na picha yako inakuwa ya mtu uliyemhurumia bila kumfahamu.

Kwa hiyo, kabla ya brashi, andika mambo sita: zao gani, kazi gani, saa ngapi, msimu gani, udongo wa rangi gani, amevaa nini. Kisha yafunge kwenye sentensi moja. Mfano: "Saa 12 na nusu asubuhi, masika, Ruvu, mama anaamia ndege kwenye mpunga, amejifunika kitenge mabegani kwa baridi."

Usiandike "huzuni" wala "umaskini" kwenye sentensi. Hayo ni maneno ya anayetazama kwa mbali. Andika kinachoonekana.

Na usimpige mtu picha ya simu bila kuomba. Salimia, kaa, omba, kisha muonyeshe ulichochora.

*Umefaulu ukiona hivi:* sentensi yako ina saa ndani yake, na mtu mwingine akiisoma anaweza kukuambia kivuli kitaangukia wapi.

## Hatua ya 2: Ifahamu saa uliyoichagua

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo hisia inapoamuliwa.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba jua linapanda upesi, linakaa juu saa nyingi, linazama upesi. Mwanga wa ubavuni, ule unaochonga mgongo wa mtu aliyeinama, unapatikana mwanzo na mwisho wa siku tu.

Alfajiri, saa 12 hadi saa 1. Kila kitu kimevaa kijivu chenye buluu. Ukungu uko bondeni, umande uko kwenye majani, vivuli havina kingo. Rangi nyekundu bado imelala: kanga nyekundu saa hiyo inaonekana kama imelowa. Ni saa ya upweke wenye utulivu, ya mtu aliyetangulia wengine. Ndege wa mpunga huja na mwanga wa kwanza, kwa hiyo mtu kwenye dungu, kile kilingo cha kulindia shamba, saa hii ni picha ya kweli.

Asubuhi, saa 2 hadi saa 4. Kazi imekolea. Mwanga una joto, kivuli kina umbo, udongo uliogeuzwa bado una unyevu na ni mzito kuliko ule usioguswa. Kama unataka nguvu, mazungumzo, watu wakilima kwa ujima, chagua hapa. Wanafunzi wangu huikimbia saa hii wakidhani haina hisia. Inayo, tena nyingi: ni saa ambayo watu wanacheka huku wanafanya kazi.

Mchana, saa 6 hadi saa 9. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama wima juu ya Dar, na mti ulionyooka unakosa kivuli cha pembeni. Rangi zinapauka. Anga inakaribia kuwa nyeupe, udongo unarudisha mwanga machoni. Ukitaka mchana, muweke mtu wako kivulini na shamba liwake nyuma yake.

Jean-François Millet, mchoraji wa Ufaransa, alitumia tofauti ya namna hiyo mwaka 1857 kwenye picha yake ya wanawake watatu wanaookota masazo ya mavuno, iliyoko Paris kwenye makumbusho ya Orsay. Nyuma kabisa mavuno ya tajiri yanang'aa kwa dhahabu. Mbele, wale watatu wameinama kwenye mwanga uliopoa, nyuso hazionekani vizuri, nguo zimefifia. Hakuna chozi popote. Umbali kati ya dhahabu ya kule na kijivu cha huku ndio unaoongea.

Jioni, saa 11 hadi saa 12 na nusu. Kwetu jua linazama kati ya saa 12:10 na 12:50 kutegemea mwezi, na baada ya hapo giza haliwi mbali. Mwanga una rangi ya asali na vivuli vinaelekea zambarau. Ni saa nzuri, na ni mtego. Nyekundu, chungwa na dhahabu zikijaa kwenye anga, mkulima anageuka pambo la machweo, kivuli cheusi kilichobandikwa mbele ya rangi. Picha za namna hiyo zinauzika kwa wageni, sikatai. Lakini mtu amepotea ndani yake.

Dawa ya jioni ni kuigawa picha mara mbili. Vincent van Gogh alichora mpanzi kule Arles mwaka 1888: anga ya njano, shamba la zambarau, na mpanzi akitembea ndani ya ile zambarau. Njano na zambarau ni rangi pinzani, kila moja inaikoleza mwenzake. Shamba, yaani sehemu ya mtu na kazi yake, lilipewa nafasi kubwa kuliko anga. Nawe fanya hivyo: anga isizidi theluthi moja.

*Umefaulu ukiona hivi:* unaweza kufumba macho ukasema kipi ni chepesi (chenye mwanga) kuliko vyote kwenye picha yako na kipi ni kizito (chenye giza) kuliko vyote.

## Hatua ya 3: Michoro minne ya mkaa, giza na mwanga tu

Chora miraba minne kwenye karatasi, kila mmoja kama pakiti ya majani ya chai. Ndani yake panga picha kwa ngazi tatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu, na nyeusi ya mkaa. Usichore jicho. Usichore kidole.

Sababu: hisia inasomeka kwanza kwenye giza na mwanga, rangi inakuja baadaye kuithibitisha. Picha iliyopangika vizuri kwa mkaa inaweza kuvumilia rangi yenye makosa. Iliyovurugika kwenye mkaa haiokolewi na rangi yoyote.

Jaribu mipango tofauti kabisa. Mmoja mtu awe mzito mbele ya anga nyepesi. Mwingine awe mwepesi mbele ya mti mzito. Mwingine weka mstari wa upeo juu sana, udongo ujae karibu picha nzima. Utaona mtu anavyoonekana amebebwa na shamba, au ameelemewa nalo. Ukishusha upeo, mtu huyohuyo anasimama kama mnara. Ni mstari mmoja tu umehama.

*Onyo:* ukijikuta unatumia dakika 40 kwenye mchoro mmoja, umeshaanza kuchora uso. Dakika 5 zinatosha.

*Umefaulu ukiona hivi:* ukiuweka ukutani na kusimama hatua nne nyuma, bado unajua mtu yuko wapi na anafanya nini.

## Hatua ya 4: Rangi ya chini

Usianze kwenye weupe. Funika kanvasi yote kwa rangi moja iliyoongezwa maji, halafu ipanguse kidogo kwa kanga.

Chagua kinyume cha saa yako. Alfajiri ni ya baridi, yaani rangi zake zinaelekea buluu, basi chini paka siena, ambayo ni ya joto. Mchana ni mkali, basi chini paka kijivu cha buluu. Kwa jioni, zambarau iliyofifia. Rangi hii itachungulia kati ya michirizi ya brashi, na huko kuchungulia ndiko kunakoipa picha uhai.

Acha ikauke kabisa. Nusu saa kwa kawaida inatosha, wakati wa masika zaidi.

## Hatua ya 5: Changanya mafungu yote kabla ya kupaka

Kosa ninaloliona kila siku: mtu anachanganya rangi kidogo, anapaka, inaisha, anachanganya nyingine isiyofanana. Mwisho picha ina anga tano. Changanya mafungu makubwa kwanza, yote, yakae kwenye paleti yakiangaliana. Yapulizie maji kila baada ya dakika chache.

Kiswahili kinakusaidia hapa. Tunazo nyekundu, nyeupe na nyeusi; rangi nyingine nyingi tumeziita kwa vitu: kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, na damu ya mzee haihitaji maelezo. Unapochanganya, jiulize kile kitu chenyewe kikoje. Jivu la jikoni lina weupe, lina buluu, lina ukahawia kidogo. Anayekumbuka jivu la kweli hatachanganya nyeusi na nyeupe akaita kijivu.

Vipimo hivi ni vya kuanzia, kwa kijiko kilekile:

Alfajiri ya masika
- Ukungu na anga: nyeupe 4, altramarini 2, siena 1.
- Udongo uliolowa: siena 1, altramarini 1, nyeupe kidogo.
- Majani: okra 2, altramarini 1. Kitatoka kijani kizito chenye usingizi, ndicho tunachokitaka.
- Rangi moja ya kukoza (kazi yake iko hatua ya 7): damu ya mzee, yaani nyekundu 3, altramarini 1, siena 1.

Mchana wa kiangazi
- Anga: nyeupe 10, okra 1, tone la altramarini.
- Udongo juani: nyeupe 5, okra 2, siena nusu.
- Kivuli cha mti: altramarini 2, siena 2, nyekundu kidogo. Weka vipande vyepesi ndani yake, maana mwanga wa ardhini unaruka na kuingia.
- Majani: njano ya limau 2, altramarini 1, siena nusu.

Jioni ya mavuno
- Anga: nyeupe 4, okra 3, nyekundu nusu.
- Mabua juani: okra 3, nyeupe 2, siena kidogo.
- Vivuli: altramarini 2, nyekundu 1, nyeupe 1. Zambarau yake itakuwa nzito na butu. Usijaribu kuing'arisha.

*Onyo:* akriliki ikikauka inazidi giza. Paka kila fungu kwenye karatasi, subiri dakika 10, ndipo uamue.

*Umefaulu ukiona hivi:* mafungu yakiwa bado kwenye paleti, kabla hata hujapaka, mtu akipita anakuambia ni asubuhi au jioni.

Sasa paka maeneo makubwa kwa brashi pana: anga, shamba, kivuli, na mtu akiwa doa tu. Siku ya kwanza iishie hapo.

## Hatua ya 6: Ngozi

Wengi wanachora ngozi yetu kwa kahawia ya tyubu, wanaongeza nyeusi kwenye kivuli na nyeupe kwenye mwanga. Matokeo ni mtu aliyepauka, kama ametoka kuoga akakosa mafuta ya kupaka. Inaniuma kila nikiiona, kwa sababu ngozi nyeusi juani ina rangi nyingi kuliko kitu chochote kingine shambani.

Kaa na mtu mweusi ti nje saa 3 asubuhi utazame bega lake. Pale juu kabisa, kwenye mng'ao, hakuna weupe. Kuna buluu ya anga. Pembeni ya mng'ao, ngozi ina wekundu wa moto. Inapogeukia kivulini inakwenda zambarau iliyoiva. Chini kabisa ya mkono, karibu na kwapa, wekundu unarudi, kwa sababu udongo unatupa mwanga wake juu. Rangi nne kwenye bega moja.

Changanya hivi:

1. Kivuli: siena 2, altramarini 1, nyekundu kidogo.
2. Sehemu ya kati: siena 3, okra 1, altramarini nusu. Kwa ngozi ya maji ya kunde ongeza okra.
3. Upande wa jua: chukua sehemu ya kati, ongeza okra na nyekundu, na nyeupe kidogo sana mwisho.
4. Mng'ao: fungu lako la anga, lililotiwa siena kidogo. Mguso mmoja begani, mmoja kwenye paji la uso. Basi.
5. Mwanga wa chini: siena na nyekundu kwenye udongo mkavu. Akiwa kwenye majaruba yenye maji, tumia buluu yenye fedha badala yake.

Kisha fanya jambo moja linalobadilisha picha nzima: tia tone la fungu la udongo kwenye kila mchanganyiko wa ngozi. Van Gogh alipochora familia ya wakulima wakila viazi, Uholanzi, mwaka 1885, alikuwa amekaribia kumaliza nyuso kwa rangi ya kawaida ya ngozi. Zilikuwa nyepesi mno. Akazipaka upya zote, na akamwandikia ndugu yake kwamba sasa zina rangi kama ya kiazi chenye vumbi, kisichomenywa. Watu wake wakafanana na kitu walichokichimba kwa mikono yao.

Muhogo wetu wa Pwani unatoka kwenye mchanga uliofifia, kahawa ya Kilimanjaro kwenye udongo mwekundu. Ngozi ya anayelima hapa na anayelima kule, kwenye picha, isitoke fungu moja.

*Onyo:* uso uache uwe na maeneo matatu tu, kivuli, kati na jua. Ukianza kuchora kope, simama, nenda kanywe maji.

*Umefaulu ukiona hivi:* mtu anaonekana amesimama ndani ya hewa ileile ya shamba. Akionekana amebandikwa, rudi kwenye tone la udongo.

## Hatua ya 7: Kanga, na ile rangi moja

Hakuna anayekwenda kupalilia na kanga mpya ya doti. Kanga ya shamba ni ya zamani, imefuliwa mara nyingi, jina lake halisomeki tena. Pindo bado linaonekana, mji, yaani uwanja wa kati, umefifia, maua yamebaki kama madoa.

Iangalie kwa karibu. Jua limeila mabegani na mgongoni, pale panapopigwa kila siku. Lakini kwenye fundo, pale kitambaa kilipojikunja ndani, rangi ya dukani bado ipo. Hapo ndipo pa kuweka rangi yako moja ya kukoza.

Picha nzima ina ruhusa ya rangi moja tu iliyokolea, na eneo lake lisizidi kiganja cha mtoto. Inaweza kuwa fundo la kanga, ndoo ya plastiki, au pilipili ndani ya ungo. Kwa kuwa vingine vyote vimetulizwa, doa hilo dogo litavuta jicho bila wewe kupiga kelele. Liweke karibu na mikono, mahali kazi inapofanyika. Ukiliweka pembeni ya picha, mtazamaji atatoka nalo.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na picha ya mvunaji iliyokataa kwa wiki mbili. Tulifuta kijani kilichokolea, tukafifisha anga, tukaacha wekundu kwenye fundo la kiunoni tu. Hatukugusa uso hata kidogo. Mama yake alipokuja kumchukua alisimama mbele ya picha, akasema taratibu, "Huyu amechoka, lakini hajamaliza."

## Hatua ya 8: Umbali na kingo

Vitu vya mbali vifanye vyepesi na vya baridi zaidi: tia fungu la anga kidogo kwenye kila kitu kilicho nyuma. Wakati wa kiangazi tia okra pia, kwa ajili ya vumbi.

Kingo zisiwe kali kote. Alfajiri lainisha karibu zote kwa brashi kavu. Mchana acha kali pale kivuli kinapokutana na jua. Kingo kali kuliko zote iwe kwenye mkono unaoshika jembe au mundu.

Sasa unaweza kutoa ile brashi ndogo. Itumie dakika 20, usizidishe.

## Hatua ya 9: Igeuze ukutani, kisha ihukumu

Igeuze picha itazame ukuta usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuitazama vizuri, ipige picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe. Ikiwa mtu anapotea kwenye shamba, tatizo ni giza na mwanga. Rudi kwenye mkaa wako ulinganishe. Ikiwa anaonekana vizuri lakini picha yenye rangi bado haikugusi, tatizo liko kwenye joto na baridi ya rangi.

Haya ndiyo yanayotokea mara nyingi:

- Picha imekuwa tope. Umechanganya rangi nyingi mno kwenye fungu moja. Ukiacha ngozi, mwisho ni tatu. Ngoja ikauke, upake juu yake kwa fungu safi.
- Picha ni nzuri lakini tamu mno. Chukua altramarini na siena, ongeza maji mengi iwe kama chai ya rangi, ipake juu ya anga yote. Ikikauka, tazama tena.
- Kila kitu kina huzuni sawasawa. Umefifisha na ile rangi moja. Irudishe kwenye fundo.
- Unashikwa na hamu ya kuongeza chozi. Angalia mgongo. Ongeza giza chini ya kifua, ongeza mwanga kidogo juu ya mgongo, ili pindo la mwili lionekane. Uchovu unakaa kiunoni kabla haujafika machoni.

Baada ya siku kadhaa paka vanishi isiyong'aa. Ile inayong'aa inarudisha taa za sebuleni machoni na kuua kijivu chote ulichokihangaikia.

Kabla ya kuitundika, andika nyuma ya kanvasi kwa penseli ile sentensi ya hatua ya kwanza pamoja na vipimo vya mafungu yako. Na kama mtu uliyemchora anafikika, mpelekee picha, au nakala yake iliyochapishwa. Bibi wa Mkuranga yake tulimpelekea: saa 2 asubuhi, udongo wa mchanga, fundo la damu ya mzee. Ameitundika juu ya mlango, upande wa ndani, pasipofikiwa na jua.